Kitanzi cha Mkanda: Ngoma za Burundi katika Historia ya Ala za Muziki za Kielektroniki

Ikisiri

Masimulizi ya historia ya ala za muziki za kielektroniki huanzia Petrograd, Paris, New York au Tokyo. Eneo la Maziwa Makuu, likitajwa, hutajwa kuwa mahali palipochotwa sauti tu. Makala haya yanafuatilia rekodi moja ya ngoma iliyonaswa nchini Burundi mwaka 1967 na safari yake katika mikanda, sintesaiza na mashine za midundo. Yanadai kwamba mashine hizo zilichukua mdundo na kuacha namna ya kuuongoza, na kwamba kilichoachwa ndicho ambacho wabunifu wa ala mpya wamekuwa wakikitafuta tangu mwanzo wa karne hii. Hoja hiyo inapimwa kwa mifano ya inanga ya mnong'ono ya Burundi, likembe za umeme za Kinshasa na singeli ya Dar es Salaam, kisha inarejeshwa Burundi kwenyewe, katika amri ya Rais ya mwaka 2017 kuhusu upigaji wa ngoma.

Maneno makuu: ingoma, ala za kielektroniki, kiolesura, kitanzi cha mkanda, Burundi

Ngoma na dola

Msemaji wa Kiswahili anayefika Bujumbura, hata akishukia Buyenzi ambako lugha yake ndiyo lugha ya mtaani, hukutana mapema na neno analodhani analijua. Ngoma, kwa Kiswahili, ni ala, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wenyewe wa watu. Ingoma ya Kirundi ni ala hiyo, lakini pia ni ufalme. Pwani nako hapakukosa uhusiano wa namna hiyo: ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Unguja zilikuwa sehemu ya enzi yake. Burundi, hata hivyo, uhusiano huo ulikwenda mbali zaidi. Ngoma takatifu Karyenda ilihusishwa na nafsi ya ufalme, na katika sherehe ya umuganuro, ya kupanda mtama, ngoma ndizo zilizotangaza kwamba mwaka wa kilimo umefunguliwa. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, bendera ya ufalme ilibeba picha ya Karyenda pamoja na mmea wa mtama.

Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri. Mwaka uliofuata, 1967, mnasa sauti kutoka Ufaransa, Michel Vuylsteke, alirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya santuri iliyotolewa na Ocora mwaka 1968 kwa jina la Musique du Burundi. Ukaribu wa tarehe hizi mbili haujapewa uzito unaostahili. Wasikilizaji wa Ulaya waliipokea rekodi hiyo kama sauti ya kale isiyo na tarehe. Kumbe ilikuwa na tarehe, tena tarehe nzito: ni sauti ya ala iliyokuwa imenyang'anywa dola yake karibuni, ambayo bado haijajua itamtumikia nani.

Mwili unaoongoza

Kabla ya kuifuata rekodi hiyo nje ya nchi, ni lazima kueleza ni kitu gani hasa kilichorekodiwa. Ingoma huchongwa kutokana na shina zima la mti. Mti unaopendelewa huitwa umuvugangoma, jina ambalo lenyewe linautaja kuwa mti unaoifanya ngoma iseme. Ngozi ya ng'ombe huwambwa juu ya shina lililochimbwa na kushikizwa kwa vigingi vya mti, na mpigaji hutumia fimbo mbili. Ngoma hupangwa kwa nusu duara, kwa kawaida zaidi ya kumi na kwa idadi witiri, zikiizunguka moja iliyo katikati.

Ngoma hizo hazifanyi kazi moja. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Ibishikizo hufuata mdundo unaotolewa na ngoma ya katikati, iitwayo inkiranya. Anayesimama kwenye inkiranya hupiga, huruka, hucheza, hutambulisha badiliko kwa fimbo zake na kwa mwili wake, kisha humwachia mwenziwe nafasi hiyo. Wapigaji wengine humwangalia kama wanavyomsikiliza.

Mtu mmoja, basi, anaongoza sauti ya ngoma zaidi ya kumi bila kuzigusa. Anachotumia ni macho ya wenzake, kuruka kwake, mkono uliopaa na pigo la ngoma yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya mwendo wake haitoi sauti yoyote, na bado ukiiondoa, muziki hauwezi kugeuka. Katika istilahi ya ubunifu wa ala, kile kinachounganisha mwendo wa mwili na sauti inayotoka huitwa kiolesura. Kwenye piano kiolesura ni vibonyezo; kwenye theremini, ala iliyobuniwa na Lev Termen huko Petrograd mwaka 1920, ni hewa iliyo kati ya mkono na antena. Katika kundi la ngoma la Burundi, kiolesura ni mtu aliye katikati pamoja na utii uliofunzwa wa wale wanaomzunguka. Hapa hakuna sitiari: ndivyo ala hiyo inavyofanya kazi.

Paris, njia mbili zinazokutana

Jina la Ocora lina historia inayoifanya rekodi ya 1967 kuwa karibu zaidi na muziki wa kielektroniki kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1948, katika redio ya Ufaransa, mhandisi Pierre Schaeffer alitunga vipande vya muziki kwa kutumia sauti zilizorekodiwa, zikiwemo za garimoshi. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa mfuo uliofungwa: mahali pa sindano kuendelea ndani ya santuri, mfuo unajirudia kwenye duara lake, na sehemu ndogo ya sauti inasikika tena na tena hadi inapoteza asili yake na kuwa kitu cha kimuziki. Mkanda wa sumaku ulipoenea, kazi hiyo ikawa rahisi zaidi: mkanda hukatwa, ncha zake mbili huunganishwa, na kitanzi huzungushwa kwenye kinasa sauti.

Inafaa kukumbusha kwamba Schaeffer hakuwa wa kwanza kuchezea sauti iliyonaswa. Mwaka 1944, huko Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alikwishachukua kinasa sauti cha waya, akarekodi sherehe ya zari, kisha akaibadili rekodi hiyo studioni kwa mwangwi na kwa kuondoa baadhi ya sauti. Msomaji wa pwani anayejua ngoma za pepo ataona mara moja kwamba muziki wa kielektroniki barani Afrika ulianza na ngoma ya uganga.

Schaeffer huyohuyo, katika miaka ya 1950, ndiye aliyeanzisha shirika la redio kwa makoloni ya Ufaransa, SORAFOM, ambalo mwaka 1962 liligeuzwa kuwa Ocora, ofisi ya ushirikiano wa redio. Santuri za muziki wa Afrika zilizotolewa kwa jina hilo, chini ya uangalizi wa Charles Duvelle, zilikuwa zao la taasisi iliyoanzishwa na mtu aliyefundisha ulimwengu kwamba sauti iliyorekodiwa inaweza kukatwa na kuzungushwa. Haimaanishi kwamba Vuylsteke alikwenda Burundi akitafuta malighafi ya vitanzi; santuri za Ocora zilikusudiwa kuhifadhi na kutambulisha. Lakini kinasa sauti cha kuhifadhi na kinasa sauti cha kukata kilikuwa chombo kilekile.

Kitanzi

Haikuchukua muda. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa Michel Bernholc, kwa jina la bandia Mike Steiphenson, alitoa santuri ya Burundi Black, ambamo rekodi ya ngoma za 1967 iliwekewa piano na ala nyingine juu yake. Iliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, Mkanada, alitumia kitanzi cha ngoma hizohizo katika wimbo The Jungle Line, uliomo katika albamu The Hissing of Summer Lawns, na juu yake akaweka sintesaiza ya Moog. Wanahistoria wa muziki maarufu huutaja wimbo huo miongoni mwa matumizi ya mapema kabisa ya kitanzi cha rekodi ya wengine katika albamu ya kibiashara, miaka kadhaa kabla ya sampuli za kidijitali kuwa jambo la kawaida.

Kitanzi kina hesabu yake. Katika kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, mzunguko wa sekunde mbili ni mkanda wa sentimita 76, urefu unaoweza kushikwa kwa mikono miwili. Ndani ya sentimita hizo mnaingia mdundo wa amashakwe pamoja na majibu machache ya ibishikizo. Kisichoweza kuingia ni badiliko. Inkiranya ipo ndani ya kitanzi kama sauti, haipo kama uongozi: haiwezi kumwangalia mwimbaji, haiwezi kuharakisha kwa kuwa wacheza wamepata moto, haiwezi kunyamaza ili jingine litokee. Kundi lililojengwa juu ya kuongozwa limegeuzwa kuwa ala isiyosikia. Anayeongoza sasa ni fundi wa studio, na kiolesura chake ni wembe, gundi na kitufe cha sauti.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kwa lawama, lakini kazi ya Mitchell ina usikivu fulani: sintesaiza yake haijaribu kuzifunika ngoma, na wimbo unauacha ukali wa ngozi usikike. Yaliyofuata yalikuwa ya haraka zaidi. Mwaka 1980, chini ya ushawishi wa meneja Malcolm McLaren, makundi ya London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, yaliufanya mdundo wa Burundi kuwa mtindo. Kundi la kwanza liliweka wapigaji wawili wa dramu jukwaani. Mwaka 1981 mhakiki Robert Palmer aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu wimbi hilo na kusema wazi kwamba wapigaji wa Burundi hawakuwa wakigawiwa faida yake. Burundi ilipata sheria yake ya sasa ya hakimiliki mnamo Desemba 2005.

Mwaka 1982 wapigaji wenyewe walifika Shepton Mallet, Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD, wakapiga pamoja na kundi la Echo & the Bunnymen. Hadhira iliyokuwa imezoea kitanzi ikaona kwa mara ya kwanza kwamba mdundo ule una mtu katikati.

Kutoka mkanda hadi namba

Wakati huohuo mashine zilibadilika. Mwaka 1979 ilitoka Australia sintesaiza ya Fairlight, iliyoweza kunasa sauti yoyote na kuipigisha kwa vibonyezo. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya midundo ya LM-1, iliyohifadhi rekodi za dramu halisi. Mwaka 1983 makampuni ya Marekani na Japani yalikubaliana juu ya MIDI, mfumo wa pamoja wa kuziunganisha ala za kielektroniki. Katika MIDI, pigo huelezwa kwa namba: ni kibonyezo kipi, na kimepigwa kwa nguvu gani, kuanzia 0 hadi 127.

Mfumo huo umedumu kwa sababu ni rahisi na unatosheleza kinanda. Kwa ingoma hautoshi. Pigo la katikati ya ngozi, la pembeni na la fimbo kwenye mti hulazimika kuwa vibonyezo vitatu tofauti, kana kwamba ni ngoma tatu. Mkono ulioinuliwa bila kupiga hauna namba kabisa. Kwa mpigaji wa inkiranya, nusu ya kazi yake ingeandikwa kuwa kimya.

Upungufu huu ulikuja kutambuliwa na wabunifu wenyewe. Mwaka 2001, huko Seattle, ilifanyika warsha ndogo kuhusu violesura vipya vya kueleza hisia za kimuziki, ambayo kuanzia mwaka uliofuata huko Dublin ikawa mkutano wa kila mwaka unaojulikana kwa kifupi cha NIME. Swali lililoutawala mkutano huo kwa miaka mingi ni namna ya kuufunga mwendo wa mwili na sauti ya kompyuta, ili msikilizaji aone kinachosababisha anachokisikia. Burundi ilikuwa na jibu moja la swali hilo muda mrefu kabla ya swali kuulizwa, nalo lilikuwa limesafiri hadi studio za Ulaya likiwa limekatwa sehemu yake muhimu.

Inanga, au mashine iliyo sikioni

Ngoma siyo ala pekee ya Burundi yenye somo kwa wabunifu, na pengine siyo yenye somo zito zaidi. Inanga ni zeze la kihori: ubao mrefu uliochimbwa, na uzi mmoja uliopitishwa mara kadhaa, aghalabu mara nane, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpigaji huandamana nayo kwa kunong'ona maneno badala ya kuyaimba.

Mnong'ono hauna kidatu. Nyuzi za sauti hazitetemi, na kinachotoka ni pumzi iliyopewa umbo na ulimi na midomo. Kirundi, kwa upande wake, ni lugha ya toni. Bila kidatu, sehemu ya maana inakosa mahali pa kukaa. Hata hivyo msikilizaji wa inanga huhisi kwamba mnong'ono ule una melodia. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales, aliyeshughulikia suala hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba vidatu vinatoka kwenye inanga na maneno yanatoka kwenye pumzi, na kwamba sikio huviunganisha vitu hivyo viwili na kumpa msikilizaji sauti moja isiyotolewa na chanzo chochote kimoja.

Mhandisi wa sauti atatambua hapa kanuni ya vokoda, kifaa kilichobuniwa na Homer Dudley katika maabara za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1930, ambacho baadaye kilitumiwa kuifanya sintesaiza ionekane kuongea. Vokoda huchukua umbo la maneno kutoka kwenye sauti ya mtu na kulipachika juu ya sauti ya ala. Inanga ya mnong'ono hufanya hivyohivyo bila waya, kwa kuuacha upachikaji ufanyike ndani ya kichwa cha msikilizaji. Tofauti ni ya kubuni: Dudley aliiweka kazi ndani ya kifaa, wapiga inanga wakaiweka ndani ya sikio, wakihitaji tu ala yenye mtetemo mzito na chumba kilichotulia. Kwa nini mfano huu hautajwi katika vitabu vya historia ya sintesaiza? Labda kwa sababu hakuna kifaa cha kuwekwa kwenye kabati la makumbusho.

Kinshasa na Dar es Salaam

Isidhaniwe kwamba Afrika ilikuwa ikichukuliwa tu. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, likiongozwa na Mingiedi Mawangu, lilitengeneza likembe za umeme kwa kutumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Haja ilikuwa ya kawaida: likembe ni ala ya sauti ndogo, na jiji lina kelele. Mkwaruzo uliotokana na vikuza sauti vilivyozidiwa haukuondolewa, nao uliendana na mlio wa asili wa likembe, ambayo tangu zamani hufungwa vipande vya chuma ili ivume. Rekodi yao ya mapema, ya 1978, ilitolewa na Ocora ileile mwaka 1986. Ulimwengu ulizinduka baadaye, ilipotoka albamu Congotronics katikati ya miaka ya 2000.

Dar es Salaam, studio za singeli kama Sisso ya Mburahati zilifanya jambo linalogusa hoja ya makala haya kwa karibu zaidi. Singeli ilikua kutokana na kuzungusha vipande vya ala vya nyimbo za taarabu na kuviharakisha, mara nyingi kupita mapigo 200 kwa dakika. Ni kitanzi tena. Lakini hapa anayezungusha anasimama mbele ya wacheza wa mtaa wake, kompyuta mpakato ikiwa mezani, naye huipandisha kasi au kukata sauti kwa kadiri anavyowaona. Kitanzi kimerudishiwa mtu wa katikati. Albamu ya mkusanyiko Sounds of Sisso, iliyotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, inawapa wasikilizaji wa mbali sauti hiyo bila mtaa wake. Upungufu uleule wa mwaka 1967, ila safari hii majina ya watayarishaji yameandikwa.

Nani anapiga?

Mwaka huohuo wa 2017 swali lilirudi Burundi kwa sura nyingine. Miaka mitatu kabla yake, Novemba 2014, UNESCO ilikuwa imeiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tarehe 20 Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyokataza wanawake kupiga ngoma hizo, na kutaka maonyesho yaliyo nje ya sherehe rasmi yapate kibali cha wizara na kulipiwa ada.

Ni mara ya kwanza tangu 1966 kwa dola kudai ngoma kwa uwazi kiasi hicho. Waliotetea amri hiyo walisema inalinda heshima ya ala. Ubishi uliofuata ulihusu wanawake, na ulistahili. Nchini Rwanda kundi la wanawake la Ingoma Nshya, lililoanzishwa Butare mwaka 2004, lilikuwa limekwishaonyesha kwamba mkono wa mwanamke haupasui ngozi. Lakini kwa historia ya ala, amri hiyo inazua suala ambalo halikuzungumzwa sana. Inamlenga anayepiga. Sauti yenyewe, tangu 1967, iko nje ya uwezo wa kibali chochote: imo katika santuri, katika nyimbo za London za 1980, na leo katika makusanyo ya sampuli yanayouzwa kwa yeyote mwenye intaneti.

Mtayarishaji wa kike wa Bujumbura anayegusa kibao cha mpira kilichounganishwa na kompyuta, na sauti ya ingoma ikatoka, je, amepiga ngoma? Kwa mantiki ya MIDI, jibu ni ndiyo: kuna kibonyezo na kuna nguvu ya pigo. Kwa mantiki ya kundi la Gishora, huenda jibu likawa hapana, kwa kuwa hakuna anayemwangalia wala anayemfuata. Jibu la pili linaiacha ngoma salama mikononi mwa waliorithishwa, lakini linakiri pia kwamba kilichouzwa Ulaya kwa nusu karne hakikuwa ngoma ya Burundi. Jibu la kwanza linamfanya binti huyo kuwa mvunja amri chumbani kwake, na linawafanya Steiphenson na McLaren kuwa wapigaji wa mwami. Mbunifu atakayetengeneza Bujumbura ala ya kielektroniki inayoongozwa kwa kuruka, kwa macho na kwa fimbo iliyoinuliwa, ala ambayo wengine hulazimika kumfuata anayeshika katikati, atakuwa ameyafanya majibu hayo mawili yagongane, na wizara italazimika kuamua ni lipi kati yake linalohitaji kibali.